ElementTree, xml.sax au lxml: kichanganuzi kipi cha XML katika Python, na kwa mipangilio ipi

Katika ofisi nyingi za programu hapa Dar es Salaam, XML, umbo la kuandika data kwa tagi, haichaguliwi bali hupokelewa. Duka la jumla la Kariakoo linalotoa risiti kwa mfumo wa VFD (kifaa pepe cha risiti za kodi) wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, hupeleka taarifa zake kwa XML. Taasisi inayokusanya malipo ya Serikali kwa namba ya malipo kupitia GePG, mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali, hupokea taarifa za malipo kwa XML. Benki yenye kushughulikia fedha zinazovuka mipaka hupokea ujumbe wa ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kifedha, ambao tangu Novemba 2025 umechukua nafasi ya ujumbe wa zamani wa MT katika maagizo ya malipo yanayopita SWIFT, mtandao wa ujumbe wa kibenki, na huo nao ni XML. Mwanaprogramu anayeletewa kazi ya namna hii, akiwa anaandika kwa Python, hujikuta mbele ya njia tatu: xml.etree.ElementTree, xml.sax na lxml.

Swali linaloulizwa kwanza huwa ni ipi yenye kasi zaidi, na kwa maoni yangu huulizwa mapema mno. Mambo mawili yanaamua zaidi: nani ameuandika waraka unaousoma, na utaufanyia nini baada ya kuusoma. Aidha, mipangilio unayokipa kichanganuzi (parser, yaani programu inayousoma waraka) ina uzito sawa na jina la maktaba yenyewe, kwa kuwa maktaba nzuri iliyoachwa na mipangilio isiyofaa hufanya kazi vizuri hadi siku inapofika nyaraka isiyofanana na zile ulizojaribia.

Vigezo

Nitazipima njia hizi tatu kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni namna waraka unavyokabidhiwa: kama faili, kama baiti au kama matini, na nani mwenye neno la mwisho kuhusu usimbaji wa herufi (encoding). Cha pili ni ukubwa wa waraka na kumbukumbu ya mashine. Cha tatu ni uaminifu, yaani kinachopotea pale unapousoma waraka na kuuandika upya. Cha nne ni usalama dhidi ya waraka uliotungwa kwa nia mbaya. Cha tano ni kutafuta ndani ya waraka na kuuhakiki kwa skima, yaani maelezo rasmi ya muundo wake. Cha mwisho ni usakinishaji. Kasi nimeiacha nje kwa makusudi, kwa sababu kwa ujumbe wa KB chache tofauti zote za maktaba humezwa na muda wa kusubiri mtandao.

Wanaolinganishwa

ElementTree ilitungwa na Fredrik Lundh na kuingizwa katika Python 2.5 mwaka 2006. Huusoma waraka wote na kukupa mti wa elementi, ambao unaupitia kama unavyopitia orodha ya kawaida ya Python. Ndani yake kuna iterparse, inayokupa elementi moja moja wakati usomaji ukiendelea.

SAX ni njia ya matukio, iliyozaliwa mwaka 1998 katika majadiliano yaliyoongozwa na David Megginson, mwaka uleule ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilitoa XML 1.0. Kichanganuzi hakijengi mti wowote. Kila kinapofungua tagi, kinapokuta maandishi au kinapofunga tagi, huita mbinu uliyoiandika, kisha husahau na kusonga mbele. Katika Python, xml.sax na ElementTree zote husoma kwa Expat, maktaba ya C iliyoanzishwa na James Clark, na ndiyo maana ujumbe wao wa makosa hufanana.

lxml inafuata mtindo wa ElementTree kwa kiasi kikubwa, lakini chini yake kuna libxml2, maktaba ya C iliyotokana na mradi wa GNOME. Huja na mipangilio mingi kuliko wenzake, jambo ambalo ni neema na mtego kwa pamoja.

Ipo pia minidom. Siilinganishi hapa, maana mti wake hula kumbukumbu nyingi na msimbo wake huwa mrefu. Anayeirithi katika mradi wa zamani aiache ilipo, na anayeanza upya hana sababu kubwa ya kuichagua.

Namna ya kukabidhi waraka

Zote tatu hupokea faili kwa `parse`, na zote huweza kupewa waraka uliokwisha kusomwa. Tofauti hujitokeza pale unapotoa matini badala ya baiti. ElementTree ikipewa matini yenye tamko la `encoding` juu yake, hulipuuza tamko hilo na kuendelea. lxml hukataa kabisa, ikitupa ValueError na kukutaka utumie baiti. Wengi huuona ukali huo kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa uangalizi, kwa kuwa matini iliyokwisha kusimbuliwa na tamko linalosema vinginevyo haviwezi kuwa kweli pamoja. Jibu lililotoka mtandaoni kwa maktaba ya requests likabidhiwe kama `jibu.content`, ambazo ni baiti, wala si `jibu.text`, na kichanganuzi chochote kiachiwe kazi ya kusoma tamko.

Hapo ndipo linapotokea kosa ambalo kila anayeshughulikia anwani za jiji hili atalikuta. Mfumo wa zamani wa Windows huandika Chang’ombe kwa ile alama ya kujipinda juu ya herufi, ambayo katika windows-1252 ni baiti moja ya 0x92, ilhali kichwa cha waraka kinatangaza UTF-8. Baiti hiyo ikisimama peke yake si halali katika UTF-8. Expat, kwa hiyo ElementTree na xml.sax vilevile, husimama na kusema `not well-formed (invalid token)`. Lxml hulalamika kwamba maandishi si UTF-8 sahihi. Dawa ni kukipa kichanganuzi usimbaji wa kweli ili kibatilishe tamko la uongo:

`ET.XMLParser(encoding="windows-1252")`

lxml nayo ina mpangilio huohuo kwa jina hilohilo. Kwa xml.sax utaunda InputSource na kuipangia usimbaji kwa `setEncoding`. Kishawishi kwa mtumiaji wa lxml ni kuwasha `recover=True`, ambayo huendelea kusoma hata waraka ulioharibika. Kwa ukurasa wa HTML au kwa kuokoa data ya kale, sawa. Kwa ujumbe wa malipo, hapana: waraka ulioharibika unapaswa kukataliwa kwa sauti, si kupokelewa nusu.

Ukubwa na kumbukumbu

Mti hukaa kwenye kumbukumbu ukiwa mkubwa mara kadhaa kuliko faili lenyewe. Kwa risiti ya KB mbili hilo si jambo. Kwa data ya OpenStreetMap ni jambo kubwa. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria, uliowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umeichora mitaa inayokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwamo, na data hiyo iko wazi ndani ya OpenStreetMap. Faili la Tanzania nzima likiwa katika umbo la XML hufikia GB kadhaa, na kulipa `ET.parse` kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida ni kuizimisha.

Katika faili hilo kila jengo kwa kawaida ni elementi ya `way`, yenye watoto wa `nd` wanaoonyesha nukta za mpaka wake na mtoto wa `tag` mwenye `k="building"`. (Majengo yenye uwazi katikati huandikwa kama `relation`, na hesabu iliyo hapa chini haiyagusi.) Kwa iterparse, hesabu ya majengo huwa hivi:

```
import xml.etree.ElementTree as ET

mkondo = ET.iterparse("tanzania.osm", events=("start", "end"))
_, mzizi = next(mkondo)
majengo = 0
for tukio, e in mkondo:
    if tukio == "end" and e.tag in ("node", "way", "relation"):
        if e.tag == "way" and any(
                t.get("k") == "building" for t in e.findall("tag")):
            majengo += 1
        mzizi.clear()
```

Mambo mawili katika mistari hiyo michache ndiyo huwakosesha watu usingizi. La kwanza, `clear()` inaitwa kwenye mzizi, kwa kuwa ukiisafisha elementi peke yake, ganda lake tupu hubaki limeshikiliwa na mzizi, na maganda milioni kadhaa hujaza kumbukumbu polepole. La pili, usafishaji unafanyika `node`, `way` au `relation` inapofungwa tu. Anayesafisha kila elementi kwenye kila tukio la "end" huifuta `tag` pamoja na sifa zake kabla `way` iliyoibeba haijafungwa, kisha hupata sifuri na kuanza kulilaumu faili. Kwa upande mwingine, usiitegemee elementi kwenye tukio la "start": wakati huo sifa zake zipo, lakini watoto na maandishi yake huenda hayajafika.

lxml inafanya vivyo hivyo, na iterparse yake hupokea `tag="way"` ili ikuletee elementi unazozitaka peke yake. Ni rahisi kuandika, lakini zile `node` usizoletewa bado zinajengwa kwenye mti, kwa hiyo ni lazima uwafute ndugu waliotangulia kila unapomaliza elementi moja. Zaidi ya hayo libxml2 ina vikomo vya kujikinga, kikiwamo kile kinachozuia kipande kimoja cha maandishi kisizidi takriban MB 10, na mpangilio wa `huge_tree=True` huviondoa. Uuwashe kwa faili ulilolipakua mwenyewe kutoka chanzo unachokijua, na si mahali pengine.

xml.sax ndiyo yenye matumizi madogo zaidi ya kumbukumbu, kwa kuwa haina mti wa kusafisha. Gharama yake ni kwamba unabeba mwenyewe kumbukumbu ya mahali ulipo: ukikuta `tag`, ni juu yako kujua kama uko ndani ya `way` au ndani ya `node`. Pia ina tabia moja inayopaswa kujulikana kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mbinu ya `characters` haiahidi kukuletea maandishi yote kwa mkupuo mmoja. Jina la Kariakoo linaweza kufika kama "Karia" na baadaye "koo", kutegemea kipande cha faili kilipokatikia. Msimbo unaoandika `self.jina = maandishi` hupita majaribio yote ya faili dogo na kuanza kupoteza nusu za majina kwenye faili kubwa. Kusanya vipande kwenye orodha na uviunganishe tagi inapofungwa.

Uaminifu wa waraka

Hiki ndicho kigezo kinachopuuzwa zaidi, na kwa kazi za risiti na malipo ndicho kinachouma zaidi. Ujumbe wa VFD hubeba sahihi ya kidijitali ndani ya tagi ya `EFDMSSIGNATURE`, na ule wa GePG ndani ya `gepgSignature`. Sahihi hupigwa juu ya herufi kama zilivyoandikwa. Nafasi moja ikiongezeka, sahihi haikubali tena.

Sasa chukua tagi tupu iliyokuja kama `<SIMU></SIMU>`. ElementTree ikiisoma na kuiandika tena hutoa `<SIMU />`, ikiwa na nafasi kabla ya mkwaju. lxml hutoa `<SIMU/>`, bila nafasi. Kwa kanuni za XML zote tatu ni kitu kimoja. Kwa anayehakiki sahihi ni vitu vitatu. ElementTree inao mpangilio wa `short_empty_elements=False` unaorudisha umbo la kwanza, lakini huo hautengenezi mengine: sifa iliyokuwa ndani ya alama moja za nukuu hutoka ikiwa ndani ya alama mbili, na hilo hutokea kwa lxml pia. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayohifadhi waraka baiti kwa baiti. Kwa hiyo, unapohakiki sahihi ya ujumbe ulioupokea, ikate sehemu iliyosainiwa kutoka kwenye baiti za asili, uihakiki, kisha ndipo ukipe kichanganuzi kazi ya kusoma thamani. Unapotuma, saini baiti zilezile utakazozituma, usije ukaziunda mara mbili.

Kwa kazi isiyo na sahihi, tofauti zao ni hizi. ElementTree, isipoambiwa vinginevyo, hutupa maoni yote (comments) yaliyo ndani ya waraka. Kuanzia Python 3.8 unaweza kuyabakiza kwa kuipa XMLParser kijenzi cha `TreeBuilder(insert_comments=True)`. Hubadilisha pia viambishi vya xmlns (vya nafasi za majina) kuwa ns0, ns1 na kuendelea, mpaka uvisajili kwa `register_namespace`, na baadhi ya mifumo inayopokea, ingawa haipaswi, hutarajia kiambishi chenye jina maalumu. lxml hubakiza viambishi, maoni na DOCTYPE (tamko la aina ya waraka), na kwa `strip_cdata=False` hubakiza hata sehemu za CDATA, yaani maandishi yasiyosomwa kama tagi. xml.sax haina msimamo juu ya jambo hili, kwa kuwa uandishi wote ni wako.

Usalama

XML inaruhusu waraka kujitangazia entiti (jina fupi linalobadilishwa na maudhui mengine wakati wa kusoma) ndani ya DTD yake, yaani sehemu ya matangazo ya muundo, na humo ndimo mashambulizi mawili mashuhuri yanamopita. Moja hutangaza entiti inayoitana mara kumi kwa kumi mpaka mistari michache inapanuka kuwa mabilioni ya herufi. Jingine hutangaza entiti inayoelekeza kwenye faili la seva, kwa mfano `/etc/passwd`, ili maudhui yake yarudi ndani ya jibu.

ElementTree haifuati entiti za nje, hutupa ParseError. xml.sax imeacha kuzifuata tangu Python 3.7.1, isipokuwa ukiwasha mwenyewe `feature_external_ges`. Kuhusu upanukaji, kinga ya zote mbili iko ndani ya Expat, kuanzia toleo la 2.4.1, na toleo la seva yako utaliona kwa `pyexpat.EXPAT_VERSION`. Seva iliyosakinishwa zamani na kuachwa hivyohivyo kwa kuwa "inafanya kazi" ndiyo ya kuangalia kwanza. Pale isipowezekana kuisasisha, tumia defusedxml, ambayo huifunika maktaba ya kawaida na kukataa waraka wenye matangazo ya entiti.

lxml inahitaji uangalifu wa toleo. Kabla ya 5.0, mpangilio wake wa asili ulikuwa kufuata entiti, zikiwamo za mafaili ya ndani ya seva, kuanzia 5.0 hufuata zile za ndani ya waraka tu. Kwa waraka utokao nje ya ofisi, usitegemee mpangilio wa asili, bali utamke:

`etree.XMLParser(resolve_entities=False, no_network=True, load_dtd=False)`

Miwili ya mwisho tayari ndiyo ya asili. Kuiandika hata hivyo kunamwambia atakayeurithi msimbo kwamba haikuachwa kwa bahati.

Kutafuta na kuhakiki

Hapa lxml inaongoza kwa mbali. Ina XPath 1.0 kamili, lugha ya kutafuta ndani ya XML, elementi yake inamjua mzazi wake, na hupokea XSD 1.0 na RELAX NG, lugha mbili za kuandika skima. Skima unaweza kuikabidhi kwa XMLParser yenyewe ili waraka usioifuata ukataliwe wakati wa kusoma. Kwa ujumbe wa pacs.008 wa benki, ule wa ISO 20022 wa kuhamisha fedha za mteja, ambao muundo wake umewekwa na XSD, hilo ni hitaji wala si pambo. ElementTree ina sehemu ndogo ya XPath: `.//tag[@k='building']` itafanya kazi, `contains()` haitafanya, na uhakiki wa skima haumo. xml.sax haina utafutaji, na Expat haihakiki.

Anayehama kati ya ElementTree na lxml ajihadhari na `if elementi:`. Elementi isiyo na watoto huhesabiwa kuwa si kweli hata ikiwa ipo na ina maandishi. Andika `if elementi is not None:`.

Usakinishaji

ElementTree na xml.sax zimo ndani ya Python. lxml hupakuliwa kwa pip, na kwa mashine za kawaida huja ikiwa tayari. Kwenye hosti ya kushirikiana ya bei nafuu, au kwenye mfumo usio na kifurushi kilichoandaliwa, italazimu kuijenga pamoja na vichwa vya libxml2 na libxslt, na mwenye hosti huenda asikuruhusu.

Kwa hali ipi, ipi

Ikiwa unaandika kiunganishi cha risiti au cha malipo, ujumbe ni mdogo na muundo wake umekwisha kuelezwa na taasisi husika, ElementTree inatosha, mradi uhakiki wa sahihi ufanyike kwenye baiti za asili na toleo la Expat liwe jipya. Kuongeza lxml kwa kazi hiyo ni kuongeza kitu cha kusasisha bila faida inayoonekana.

Ikiwa mkataba unataka uhakiki wa XSD, au unahariri nyaraka za watu ambao watazifungua tena na kutafuta maoni yao, chukua lxml na uandike mipangilio ya kichanganuzi mahali pamoja, katika kitendakazi kimoja kinachotumiwa na mradi wote.

Ikiwa faili ni kubwa na unachohitaji ni kipande kinachojirudia, anza na iterparse ya ElementTree. Hamia xml.sax pale tu unapotaka kupita kwenye data mara moja na kutoa jumla, kwenye mashine yenye kumbukumbu finyu sana, na timu yako iko tayari kutunza msimbo wa matukio, ambao mgeni huusoma kwa shida.

Ikiwa waraka unaletwa na mteja yeyote kupitia fomu ya kupakia faili, weka kwanza kikomo cha ukubwa kwenye seva ya wavuti, kataa DTD yoyote, na `huge_tree` na `recover` zisiguswe. Maktaba itakayofuata baada ya hapo inaweza kuwa yoyote kati ya hizi tatu.